Kosa la mashine, kovu la mtaani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Na mama zangu wa soko la Memorial mliofunga meza mapema ili mje kunisikiliza, asanteni. Najua Jumamosi ni siku ya mauzo.

Nimekuja na shilingi moja mfukoni. Ni ya mwaka 1966, katika zile za kwanza kabisa zilizotoka Benki Kuu yetu ilipofunguliwa tarehe 14 Juni mwaka huo. Wakubwa mnaikumbuka: Mwalimu upande mmoja, mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Hii yangu ukiigeuza, mwenge huuoni. Unamwona Mwalimu tena, lakini amezama ndani ya chuma badala ya kuinuka, na amegeuka kama mtu unayemwona kwenye kioo.

Niliinunua shilingi laki moja na nusu. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba ni kosa la kiwandani, kwamba wazungu wanazitafuta, kwamba nikikaa nayo mwaka mmoja nitamshukuru. Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi ya ufundi mitambo miaka kumi na tisa, nikishinda na mashine za kukandamiza chuma. Na bado sikuiuliza ile sarafu swali ambalo ningekiuliza chuma kingine chochote kilicholetwa mezani kwangu: ni mashine gani ingeweza kukufanya hivi, na kwa njia ipi?

Swali hilo ndilo lililonileta hapa Moshi leo. Kila wiki ninaonyeshwa sarafu na watu wanaoanza na swali la bei. Bei inakuja baadaye. Kwanza tujue kama kilichotokea kilitokea kiwandani, kwa nukta ile moja sarafu ilipokuwa inazaliwa, au kilitokea miaka thelathini baadaye kwenye gereji, kwenye jiko, au kwenye reli.

Basi tuingie kiwandani. Chukueni mfano wa mama anayekata andazi la duara kwa kutumia bilauri. Unga umesukumwa, umetandazwa mezani, yeye anabonyeza bilauri, anatoa duara, anasogea, anabonyeza tena. Kiwanda cha sarafu kinaanza hivyo hivyo: bamba refu la chuma linapita chini ya visu vya duara, linatoa visahani vitupu, havina picha wala maandishi. Mama akisogeza bilauri kidogo mno, itaangukia mahali palipokwisha kukatwa, na andazi litatoka limeng'atwa pembeni. Kwenye sarafu kosa hilo lipo, na ni la kweli. Unaona sarafu ina pengo la mviringo kama imeng'atwa na mtu mwenye meno ya duara.

Visahani hupitishwa kwenye mashine inayovibana pembeni ili ukingo uinuke kidogo. Halafu kisahani kinakaa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini, mmoja juu, na kinazungukwa na pete ya chuma. Muhuri wa juu unashuka kwa nguvu ya tani nyingi. Chuma kinatiririka. Ndiyo, kinatiririka, ingawa ni baridi: kinajaza kila shimo lililochongwa kwenye muhuri, kinasukumwa pembeni mpaka kinagonga pete, na yale meno mnayoyahisi mkipitisha ukucha ubavuni mwa shilingi yanatoka kwenye ile pete. Pigo moja linatengeneza nyuso mbili na ubavu kwa pamoja.

Nawaomba mshike jambo moja hapa. Picha ya kwenye muhuri imechongwa ndani, ndiyo maana kwenye sarafu inatoka nje. Muhuri ukipata ufa, chuma cha sarafu kitaingia kwenye ule ufa, na sarafu itatoka na mstari ulioinuka. Kipande cha muhuri kikimeguka ukingoni, sarafu itatoka na uvimbe mahali pale, hauna herufi wala picha. Kwa hiyo ukiona mstari kwenye sarafu, pitisha ncha ya mti wa kiberiti polepole. Ukipanda, kuna uwezekano ni ufa wa muhuri. Ukizama, umekutana na mkwaruzo, na mkwaruzo ni wa mtaani. Yapo makosa ya kiwandani yanayozama, kwa mfano uchafu au nyuzi za kitambaa zikiingia kati ya muhuri na kisahani, au chuma chenyewe kikiwa na tabaka bovu likabanduka. Lakini mara nyingi kilichozama kimeletwa na mkono wa mtu.

Sasa turudi kwenye shilingi yangu. Lipo kosa la kweli linalofanana nayo. Sarafu iliyokwisha kugongwa hunasa kwenye muhuri mmoja badala ya kutoka. Kisahani kipya kinaingia, pigo linashuka, na upande mmoja wa kisahani unakutana na uso wa sarafu iliyonasa badala ya muhuri. Unapata picha iliyozama na iliyogeuka. Tazameni lakini mashine ilivyofanya kazi: muhuri wa mwenge umefunikwa na sarafu iliyonasa, haukugusa kile kisahani hata kidogo. Kwa hiyo kwenye sarafu ya kweli ya namna hii hapawezi kuwa na alama ya mwenge popote.

Mimi nilipoiweka hatimaye chini ya lenzi ya mara kumi, niliona ulimi wa moto wa mwenge umebaki karibu na bega la Mwalimu. Nikageuza upande wa kichwa nikaona pua na nywele zimelala, zimebapa, na juu yake mistari midogo sambamba ya jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani kwa fundi. Mtu alichukua shilingi mbili nzima, akazipanga moja juu ya nyingine, akazibana kwenye jiliwa kwa nguvu zake zote. Ilimchukua dakika mbili. Nimeihifadhi sarafu hii, na nitaizungusha muishike, kwa sababu nataka macho yenu yalipe kidogo kuliko yalivyolipa yangu.

Kuna kijana amenicheka pale nyuma nilipotaja reli. Mnajua mchezo huo. Nilikulia jirani na stesheni, na kila mtoto wa mtaa wetu aliwahi kulaza senti kwenye reli akasubiri treni la mizigo. Inatoka pana, nyembamba, haina meno ubavuni. Leo mtu anaiokota kwenye kopo la babu yake, anasikia kwamba kuna sarafu zilizogongwa bila pete, zikatanuka, na zina thamani. Ni kweli zipo. Mizani haitakusaidia hapa, maana treni haikupunguza chuma; zote mbili zina uzito kamili. Angalieni picha. Iliyogongwa bila pete ilipigwa na muhuri mzima, kwa hiyo katikati kila unywele uko mahali pake, herufi ni kali, na kilichopotea ni meno na umbo la ukingo tu. Ya reli ilikuwa imekamilika kabla ya gurudumu kuja, kwa hiyo picha yenyewe imevutwa: uso umerefuka, herufi zimefifia kuelekea upande treni lilikokwenda.

Na lile andazi lililong'atwa? Pengo lake linaweza kukatwa kwa tupa pia. Hapa mashine inatupa ushahidi mzuri sana, na ninaupenda kuliko ushahidi wote wa kazi hii. Kisahani kinapobanwa pembeni ili kuinua ukingo, kinabanwa pande mbili zinazotazamana. Upande wenye pengo hauna cha kubana, na kwa hiyo upande unaoutazama nao unakosa msukumo. Matokeo yake, sarafu yenye pengo la kweli mara nyingi ina ukingo hafifu, uliofifia, mahali panapotazamana na pengo. Mwenye tupa hajui habari hiyo. Anakata upande mmoja, na upande wa pili unabaki na ukingo mzima. Vilevile herufi zilizo jirani na pengo la kweli hulegea kidogo, zinamwagika kuelekea ukingoni, kwa sababu chuma kilitiririka kuelekea mahali patupu. Za tupa zimekatika ghafla kama mkate.

Mwenye shida kubwa kuliko wote ni mtu wa herufi mbilimbili. Ananiletea sarafu, ananiambia, fundi, tazama mwaka umeandikwa mara mbili. Duniani sarafu mashuhuri ya aina hii ni senti ya Marekani ya mwaka 1955, yenye kichwa cha Lincoln. Muhuri wenyewe hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama, na enzi hizo ulihitaji kukandamizwa zaidi ya mara moja. Safari ya pili haukukaa sawasawa na ya kwanza. Muhuri ukapata maandishi mawili, na kila senti iliyogongwa nao ikatoka vilevile. Inakadiriwa kati ya 20,000 na 24,000 ziliingia mitaani, nyingine zikiwa chenji ndani ya pakiti za sigara, na mtu anaziona kwa macho makavu bila lenzi.

Ila nyingi mnazoniletea hazikuzaliwa hivyo. Muhuri ulikuwa mzima, lakini mashine ilikuwa imelegea, na baada ya pigo muhuri ukateleza kidogo ukasukuma herufi. Sisi mafundi tunaijua mashine iliyolegea kwa sauti tu. Tofauti ni hii: muhuri wenye maandishi mawili huongeza chuma, herufi inanenepa, na kwenye pembe zake unaona mpasuko mdogo, kama ulimi wa nyoka. Mashine iliyoteleza inanyofoa chuma kutoka kwenye herufi ileile. Unaona kidaraja kilichobapa, cha chini, kinachong'aa, na herufi yenyewe imekonda. Ya kwanza inatafutwa. Ya pili ni shilingi kama shilingi nyingine, na naomba msimuuzie mtu kwa jina la ya kwanza.

Sasa niseme habari za sarafu zenye tundu, kwa sababu huku kwetu ndizo nyingi. Senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, zenye pembe za ndovu na taji la mfalme. Mama na bibi zetu walizivaa, na ndugu zetu Wamasai wamezishona kwenye shanga mpaka leo. Tundu lile halikutobolewa baada ya kugongwa. Kisahani kiliingia kwenye mashine kikiwa kimeshatobolewa, na muhuri ukachonga duara lililoinuka kulizunguka tundu. Kwa hiyo makosa yanayowezekana ni mawili makubwa: tundu lililohama katikati, na kisahani kilichosahauliwa kutobolewa.

Tundu lililohama kweli linakata duara lile lililochongwa, na chuma pembeni yake ni laini, kimetulia, kimezeeka pamoja na sarafu. Tundu la msumari lina ndimi zilizopinda upande mmoja, na mara nyingi utalikuta juu, karibu na ukingo, kwa sababu mtu alitaka kuning'iniza hereni. Ndugu zangu mnaouza vitu vya kale Arusha pale karibu na Mnara wa Saa, hereni ile ina thamani yake na historia yake. Iuzeni kama hereni.

Na isiyo na tundu, angalieni kama imezibwa. Chukua lenzi, tafuta mstari wa duara. Igongeshe mezani taratibu kwenye kitambaa usikie mlio. Iliyozibwa kwa risasi au kwa lehemu ina sauti iliyokufa.

Kabla ya Waingereza walikuwapo Wajerumani, na wao wametuachia neno tunalolisema kila siku. Rupia yao iligawanywa kuwa Heller 100 kuanzia mwaka 1904, na Heller ndiyo hela. Sarafu zao za kutoka Ulaya zilikuwa nadhifu mno. Nyingi zina herufi ndogo, A kwa Berlin na J kwa Hamburg, na kosa kwenye hizo linastahili kuangaliwa kwa makini. Lakini mwaka 1916 mambo yalikuwa mengine. Vita imefunga bahari, fedha haziingii, serikali ya Wajerumani ikagonga sarafu zake Tabora kwenye karakana ya reli. Hebu fikirini: watu wa reli, kwa vifaa vya reli, wanagonga hela ishirini za shaba nyekundu na za shaba ya manjano kwa haraka ya vita. Hata dhahabu waligonga, ile ya rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, vipande 16,198 tu. Septemba ya mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora.

Ninapoishika hela ishirini ya Tabora moyo wangu unakwenda kwa wale mafundi. Imepinda, picha imekwenda upande, muhuri una nyufa, taji halikujaa. Mtu akikuambia utoe fedha zaidi kwa sababu "ina kosa", mwambie hapana. Kwa sarafu ya Tabora, nyufa na kufifia ndiyo hali ya kawaida. Wanaozisoma kwa undani hutofautisha mihuri: taji kubwa na taji dogo, ncha za herufi L zilizochongoka na zilizojikunja. Hiyo ni elimu ya aina za mihuri, na inafurahisha, lakini haihusiani na neno kosa.

Na kwa kuwa nimewataja Wajerumani, niseme moja kwa ukali kidogo. Anayekuambia kuna rupia inayovuta punje za mchele, inayotafutwa kwa mamilioni, na wewe utoe kwanza hela ya kipimo, huyo ni mwizi. Rupia ile ni fedha, gramu 11.66, karibu asilimia 92 ni fedha safi. Haivuti mchele. Haivuti hata msumari. Watu wameuza mashamba kwa ajili ya uvumi huu, na mimi sioni aibu kulisema mbele ya kila mkutano.

Waongoza wageni na wapagazi wa mlimani, nanyi nina neno lenu. Mnapewa robo dola kama bakshishi, na benki hazitaki kuzibadilisha, mnabaki nazo. Mwaka jana kijana alinijia akiwa na kumi na mbili, kila moja ukiigeuza upande wa pili unasimama kichwa chini. Alidhani amepata makosa kumi na mbili. Marekani wanagonga sarafu zao hivyo makusudi. Zetu, kama za Uingereza, ukizigeuza kama ukurasa wa kitabu, pande zote mbili zinasimama wima. Kwa hiyo kosa la muhuri uliozunguka linapimwa kwa desturi ya nchi ya sarafu. Shilingi mia yetu ikipinda nyuzi chache si habari. Ikilala kabisa ubavuni, niite.

Hiyo shilingi mia, ya Mwalimu na swala wanaokimbia, imenisumbua sana miaka hii. Ndani ni chuma, juu imepakwa shaba ya manjano. Ananijia mtu na mia nyeupe kama fedha, ananiambia haikupakwa. Inawezekana kabisa kisahani kikaponyoka bila kupakwa. Inawezekana pia, na ndiyo ninayoikuta, kwamba imelowekwa kwenye maji ya betri. Asidi inakula kila kitu sawasawa: masikio ya swala yamelainika, herufi zimekonda, uso hauna mng'ao bali una vinyweleo kama ganda la chungwa. Ipime pamoja na sarafu nyingine tano za shilingi mia za mwaka uleule kwa mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Nimesema tano, msilinganishe na moja; moja inaweza kuwa na ugonjwa wake. Ile jero, yaani shilingi mia tano, ya nyati ya mwaka 2014 ina gramu 9.5 na upana wa milimita 27.5, hizo zilitangazwa na Benki Kuu, basi hata mizani yako unaweza kuijaribu kwa jero mpya.

Vifaa vyenyewe si vingi: lenzi ya mara kumi, mizani hiyo, sumaku ndogo, na taa inayoweza kuinamishwa, maana mwanga wa pembeni unaonyesha mambo ambayo mwanga wa juu unayaficha. Wenye sarafu za thamani kubwa kweli wanaweza kuzipeleka kwa wakaguzi wa nje. Kampuni za PCGS na NGC za Marekani zinafanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Gharama yake ni kubwa, kwa hiyo fanya kwanza kazi yako mwenyewe mezani.

Na msisafishe. Nawasihi, mama zangu, msisafishe. Wala limau, wala majivu, wala dawa ya meno, wala steli wuli. Ule weusi na ukijani ndio unaotuambia kama pengo lina umri sawa na sarafu au limekatwa juzi. Ukiusugua umemfukuza shahidi.

Nimemwona mzee wangu wa mstari wa mbele, tangu nianze kusema ameweka kopo la kahawa magotini na hajalifungua. Ameniambia mlangoni kwamba lilikuwa la marehemu dada yake wa Kibosho, na ndani kuna senti kumi ambayo tundu lake limekaa vibaya. Mzee, shikamoo tena. Njoo huku mezani, taa iko tayari. Vijana, sogeeni mduara, na kabla sijaishika, kila mmoja aipitishe chini ya lenzi aniambie anaona duara limekatwa au limepinda.